Nywele Kwenye Tangi la Karantini

Konokono ndio waliotangulia kuhama. Jumatatu asubuhi mke wa Karantini alifungua mapazia ya sebule akawakuta sakafuni, wote tisa, wamefuatana kuelekea mlangoni. Walikuwa wamepanda kioo cha tangi la samaki, wakadondoka, wakajikokota juu ya vigae hadi wakakauka. Walinunuliwa ili wale mwani, na mwani ulikuwa tele, lakini waliukimbia.

"Hata wao wamechoshwa na hotuba zako," mkewe alimtania.

Karantini hakucheka.

Jina hilo alipewa na wenzake wa chama cha wafugaji wa samaki wa maji ya chumvi. Alikuwa mfamasia, mtu wa kupima kila kitu mara mbili, na hakuna mkutano uliopita bila yeye kusimama na kuwakumbusha wenzake: jiwe jipya lisiingie tangini kabla ya kukaa wiki sita kwenye ndoo yake, kwa sababu jiwe la baharini halisafiri peke yake. Walimcheka, wakamwita Karantini, naye akalipenda jina.

Sasa jina lilimchoma. Tangi lake, fahari ya nyumba, lenye matumbawe aliyoyalea miaka sita, lilikuwa limevamiwa na mwani wa kijani, mrefu na laini, ule ambao wafugaji huuita mwani wa nywele. Alibadilisha maji. Akapunguza saa za taa. Kila jioni alisugua mawe kwa mswaki, akaung'oa mwani kwa vidole, akajaza ndoo nzima. Asubuhi ulikuwa umerudi, mrefu kuliko jana.

Na chanzo alikijua. Wiki tatu nyuma, wanachama wanane walipokuwa wanatarajiwa kuja kulitazama tangi, aliona pengo upande wa nyuma. Akaenda pwani maji yalipokupwa, akaona jiwe zuri la zambarau ndani ya kidimbwi, akalibandua. Kidimbwi kikaguna kama mtu aliyeshtuliwa usingizini. Karantini alisikia, akageuza shingo, hakuona mtu, akalifunga jiwe kwa taulo bichi. Siku hiyohiyo alilitumbukiza tangini. Yeye, Karantini!

Wageni walipofika siku chache baadaye, mwani ulikuwa umeshaanza.

"Umeingiza nini humu, ndugu yangu?" mwenyekiti wa chama aliuliza.

"Wallahi, hakuna kitu kipya," Karantini alijibu haraka, uso umemwiva kwa aibu. "Ni mama. Anawalisha samaki, anasahau, anawalisha tena. Chakula kinaoza. Ni yeye tu."

Mama yake alikuwa amekaa palepale, kwenye kiti cha pembeni. Watu wanane walimgeukia. Bibi kizee yule akaificha mikono yake chini ya mtandio, akasema taratibu, "Mnisamehe, wanangu."

Tangu siku hiyo hakukaa tena sebuleni. Alijifungia chumbani kwake, akawa hali vizuri, na haukupita muda mkewe Karantini akamvuta mumewe jikoni.

"Nywele za mama zinakatika mafungu kwa mafungu," alinong'ona. "Naziokota kwenye mto. Na kila jioni analia kichwa kinamuuma, saa zilezile."

"Ni uzee," Karantini alisema, akaenda kutafuta mswaki wake.

Baada ya konokono kufa, aliamua kutumia dawa ya mwisho ya wafugaji, kulifunika tangi kwa blanketi siku tatu ili mwani ufe kwa kukosa mwanga. Siku ya pili, adhuhuri, jua limejaa sebuleni, alikuwa amekaa peke yake anasoma gazeti aliposikia kitu chini ya blanketi. Kilikuwa kikikwaruza taratibu, kinasimama, kinaanza tena, na mwanzoni alidhani ni pampu, akainuka kuizima, lakini pampu ilipozimwa sauti iliendelea, ndefu, ya kutoka juu kwenda chini, sauti ya chanuo likipita kwenye nywele zilizoloa, na ndani ya harufu ya chumvi ikatoka harufu nyingine aliyoijua tangu alipokuwa anabebwa mgongoni, harufu ya mafuta ya nywele ya mama yake.

Akalivuta blanketi. Mwani haukuwa umekufa. Ulikuwa umenawiri gizani mpaka juu ya maji, na katikati ya kijani kile zilikuwapo nyuzi nyeupe, nyingi, zimesukwa mikia miwili kama mama yake anavyosuka.

Alitumbukiza mkono mpaka begani, akalishika lile jiwe la zambarau, akavuta. Chumbani mama yake alipiga ukelele.

"Nani ananivuta? Jamani, nani ananivuta nywele?"

Karantini aliachia. Ukelele ukakatika. Kisha, mtu wa kupima mara mbili, akavuta tena. Mama alilia tena.

Alikaa sakafuni akiutazama mswaki kando ya tangi, akahesabu jioni zote alizosugua, akaona aibu hata kuingia chumbani kumpa pole.

Mkewe alimwita mjomba wake, fundi cherehani aliyejulikana pia kwa kutibu wenye majini. Alikuja bado ana utepe wa kupimia shingoni. Aliweka sikio kwenye kioo, akasikiliza kwa muda mrefu, kisha akamtaka Karantini amweleze yote. Karantini alieleza akiwa ameinamisha kichwa.

"Jini alikuja na jiwe," mjomba alisema kwa sauti ya chini. "Angerudi nalo. Lakini uliapa uongo mbele yake, ukamtaja mama yako. Naye amekwenda kwa uliyemtaja."

"Nifanye nini, mjomba?"

"Jitaje wewe. Mbele ya watu walewale."

"Wote wanane? Mjomba, nitaiweka wapi sura yangu?"

"Mama anaisha," mkewe alisema, machozi yanamlenga, "na wewe unafikiria sura?"

Karantini alijaribu njia ya mkato. Aliinama karibu na maji, akanong'ona ili asisikike chumbani, "Ni mimi niliyekosa." Maji yakatulia. Halafu kutoka ndani ya zile nywele ikatoka sauti yake mwenyewe, kavu, wazi, ikaenea nyumba nzima: "Ni mama. Ni yeye tu." Na chumbani, bila kuulizwa, mama akaitikia, "Mnisamehe, wanangu."

Alasiri hiyohiyo aliwapigia simu wote wanane, wakaja. Mama aliletwa ameegemea bega la mkwewe, mtandio umelegea kichwani pasipo na kitu cha kuushikilia. Karantini aliingiza mkono majini, akalishika jiwe, na nywele zikamzunguka kifundo cha mkono, zikakaza.

"Usivute," mjomba alimwambia. "Sema."

Akasema. Alisema kidimbwi, akasema taulo, akasema kiapo, na kila alipotaka kulainisha neno nywele zilikaza mpaka vidole vikafa ganzi, hivyo akalazimika kulisema lilivyo, kwamba aliwahubiria wenzake jambo ambalo yeye mwenyewe alilivunja kwa sababu ya kutaka sifa, na kwamba alipoulizwa akamtupia mama yake aibu hiyo kwa kuwa alijua hatabisha. Mwenyekiti alitazama viatu vyake. Hakuna aliyecheka, na Karantini angefurahi kama wangecheka.

Nywele zikalegea. Jiwe likatoka jepesi kabisa, na mwani wote ukazama chini kama nguo iliyovuliwa. Mjomba alilifunga jiwe, akalirudisha kidimbwini kabla maji hayajajaa. Wageni waliaga mmoja mmoja, bila maneno mengi.

Karantini alipiga magoti mbele ya kiti cha pembeni, alipokalishwa mama yake.

"Nisamehe, mama. Hukujua lolote, nami nikakusingizia."

"Nilijua," mama alisema. "Siku ile ulipoingia na jiwe kwenye taulo nilikuwa macho. Ulinipita hapahapa."

"Mbona hukusema?"

"Nikuaibishe mbele ya wageni wako?" Alirekebisha mtandio kwa mkono dhaifu. "Nilikuwa nakungoja, mwanangu. Kila jioni kichwa kiliponishika, nilijiambia, leo atasema."