Aibu ya Kurudi Mwanzo

Kila likizo, mama alipopangiwa safari ya mji anakoishi bibi, Redio alipanda naye. Mama alikuwa rubani wa ndege ndogo ya kupeleka dawa. Redio, binti yake wa miaka kumi na miwili, alibandikwa jina hilo darasani kwa sababu alizimika usingizini tu, na hata huko, kaka yake alisema, si kila usiku.

Asubuhi moja ya likizo alikaa nyuma, karibu na maboksi ya dawa. Mbele walikaa mama na rubani msaidizi, kijana mgeni kazini, aliyeshika karatasi ya ukaguzi. Ndege hairuki kabla karatasi hiyo haijasomwa yote: mmoja anasoma kwa sauti, mwenzake anagusa kifaa na kujibu.

"Milango?"

"Imefungwa."

"Mafuta?"

"Yanatosha."

Kidole gumba cha msaidizi kilishuka mstari kwa mstari.

"Anko," Redio akadakia, "hivi mafuta yakiisha angani, ndege inashukaje?"

"Wee mtoto, huo ulimi hauna breki?" mama akamgeukia. "Tuko kazini!"

Msaidizi alicheka, akanyanyua kidole na kumpungia Redio anyamaze. Aliporudi kwenye karatasi alisita kidogo, kisha akaendelea. "Taa?"

"Zinawaka."

Mstari wa vibawa ulikuwa umerukwa. Vibawa hivyo viko nyuma ya mabawa makubwa, na visipoteremshwa ndege huchelewa kunyanyuka. Uwanja ule ulikuwa mfupi.

Ndege ilikimbia, ikakimbia, isiinuke. Mama alipoona mwisho wa lami unawajia, alikata nguvu ya injini akakanyaga breki kwa miguu yote miwili. Haikutosha. Gurudumu la mbele lilitumbukia mtaroni, na Redio akasikia msaidizi akipiga yowe. Mkono wa kulia wa kijana huyo ulikuwa umevunjika kwenye kiwiko.

Mama alisimamishwa kazi. Nyumba ilipoa kama yenye msiba. Alifua sare yake, akaipiga pasi, akaitundika, na kesho yake akaifua tena ingawa hakuna aliyeivaa. Redio, ambaye zamani aliambiwa anyamaze, sasa aliombwa aseme neno, na neno halikutoka. Alijiona ndiye aliyeyaleta yote.

Mkaguzi wa ajali alikuja nyumbani, mzee mpole mwenye miwani.

"Mimi ndiye niliyekuwa kapteni," mama alimwambia. "Kosa ni langu."

"Karatasi hamkuisoma?"

"Tuliisoma."

"Sasa vibawa vilirukwaje?"

Mama akainamisha kichwa. Redio alikuwa akisikiliza nyuma ya pazia la mlango. Alielewa kwamba mama akiendelea kunyamaza ataandikwa mzembe, na pengine hataruka tena. Akatoka.

"Shikamoo. Ni mimi niliyewakatiza," alisema, machozi yakimtiririka. "Mama ananifichia kosa langu."

"Marahaba, mwanangu." Mkaguzi hakumkaripia. "Marubani hukatizwa kila siku. Fundi anagonga dirisha, simu ya upepo inaita. Ninachotafuta ni kile kilichofuata. Nitamuuliza aliyekuwa na karatasi."

Jumamosi, mama na Redio walikwenda hospitali. Msaidizi alikuwa amelala, mkono umefungwa mpaka begani.

"Anko, nisamehe," Redio akasema.

"Wewe ulikosea wakati tu, mdogo wangu. Kuuliza si ujinga. Mimi nilijua nimepoteza mstari. Nilijua kabisa! Nikaona aibu kumwambia mama yako turudi mwanzo, asije akaniona sijui kazi. Nikabahatisha. Jana nimemweleza mkaguzi hivyo hivyo."

"Na mimi nilisikia ukisita," mama alisema kwa sauti ndogo, "nisikuulize."

Mkaguzi alikuwa ameshaamua. Mama angerudi kuruka baada ya mafunzo, na tangu sasa wakikatizwa, hata kwa chafya, wataanza tena mstari wa kwanza. Msaidizi hakuwa na bahati hiyo. Daktari alikuwa amemwambia kuwa kiwiko kile hakitakunjuka tena vizuri, na rubani anahitaji mikono miwili.

Redio alilia waziwazi. Msaidizi alimsubiri amalize.

"Nisikilize," alisema. "Ukipotea katikati ya kazi, iwe hesabu au chochote, sema nimepotea, kisha rudi mwanzo. Watakucheka dakika moja, yataisha. Mimi nilikwepa aibu ya dakika moja, na sasa natafuta kazi nyingine."