Pai Iliyokataliwa Mlangoni

Odessa Tillery hakuweza kukaa. Alikunja vitanda vya watoto, akavikunjua, akavikunja tena. Alifuta meza ambayo ilikuwa safi tangu jana. Kwa kawaida, kabla jua halijatoka, nyumba yake hujaa watoto wa wafanyakazi wa kiwanda cha kuku. Wazazi huwaleta wakiwa bado na nguo za kulalia, naye huwapikia uji mzito wa mahindi wenye siagi. Siku hiyo hapakuwa na mtoto hata mmoja.

Idara ya malezi ya jimbo ilikuwa imemfungia. Mkaguzi alikuja akakuta lango la uani wazi, na mtoto mmoja, Tavion, amesimama barabarani. Mtoto hakuumia. Lakini barua ilifika: leseni ya kulea watoto imefutwa. Kama hukubali, omba shauri lako lisikilizwe kabla ya tarehe iliyotajwa.

"Siombi!" alisema Odessa. "Nimwombe nani? Hao hao walionifungia? Hiyo ni kesi ya nyani kumpelekea ngedere."

Jirani yake, Verlene Boykin, alikuwa jikoni akinywa kahawa. Zamani Verlene alikuwa akiwahudumia wagonjwa katika nyumba ya wazee, mpaka jimbo lilipomnyang'anya kibali.

"Hilo la nyani lilinipata mimi, Dessa," alisema. "Shauri langu lilisikilizwa ndani ya jengo la idara iliyonishtaki. Msikilizaji wa shauri alikuwa mtumishi wao. Mchana nikamwona anakula meza moja na mkaguzi wangu, wanacheka. Nikajua nimekwisha."

"Sasa dada, unanitia moyo au unanizika?"

"Tulia basi nimalize! Sheria imebadilika. Wakati ule kila idara ilikuwa na wasikilizaji wake. Siku hizi mashauri ya idara nyingi yamekusanywa mahali pamoja, Ofisi ya Mashauri. Majaji wa pale si watumishi wa idara ya malezi. Mkubwa wa malezi hawezi kumfukuza jaji kazi kwa sababu hakumpendeza. Idara inakaa upande wake, wewe upande wako. Wao wanathibitisha, nawe unajibu."

"Naruhusiwa kumwuliza yule mkaguzi?"

"Muulize mpaka ukauke koo. Peleka picha, peleka mashahidi. Ila omba kabla ya tarehe. Ikipita, usije kunililia."

Odessa alipeleka ombi siku hiyo hiyo.

Sasa, katika mji huu, mtu mwenye jambo lako mkononi humwendei mikono mitupu. Mchungaji, daktari, fundi wa paa, wote hupelekewa chakula. Ni adabu tu. Kwa hiyo, siku moja kabla ya shauri, Roscoe, mumewe Odessa, alioka pai ya viazi vitamu kama alivyofundishwa na mama yake. Hakumwambia mtu. Akaendesha gari mpaka mji mkuu wa jimbo kumpelekea jaji. Jioni alirudi na pai yake nzima.

"Roscoe! Umefanya nini?"

"Karani amenirudisha mlangoni. Nilitaka jaji ajue sisi ni watu wema."

"Umempelekea rushwa!"

"Rushwa ya viazi, Dess?"

Odessa alizunguka sebule kama kuku anayetafuta pa kutagia. Akampigia Verlene simu.

"Jaji haonwi pembeni," Verlene alisema. "Si kwa pai, si kwa simu. Lolote unalotaka kumwambia, mwambie upande wa pili ukisikia. Kesho msifiche kitu."

Odessa hakulala vizuri.

Chumba cha shauri kilikuwa kidogo. Jaji, Bi Imogene Castellaw, aliwasha kinasa sauti.

"Kabla hatujaanza, pande zote zisikie," alisema. "Jana mume wa Bi Tillery alileta pai ofisini. Haikupokelewa."

Wakili wa idara alitabasamu. Odessa alitamani ardhi immeze.

"Jana hiyo hiyo, mkuu wa ukaguzi wa idara alipiga simu. Alitaka kunieleza shauri hili faraghani. Naye hakupokelewa. Kama ana neno, aje aliseme hapa, aulizwe."

Wakili akaacha kutabasamu.

Zamu yake ilipofika, alisimama. "Mheshimiwa, lango lilikuwa wazi. Komeo lilikuwa limelegea nami nilijua. Nilisema nitalitengeneza Jumamosi. Nilikosea." Akaonyesha picha ya komeo jipya. Mama yake Tavion akaeleza kwa nini bado anamwamini. Kisha Odessa akamgeukia mkaguzi.

"Ulipomwona mtoto, mimi nilikuwa wapi?"

"Ulikuwa unamkimbilia."

"Uliliandika hilo?"

Mkaguzi aliinamisha kichwa. "Hapana."

Baada ya majuma kadhaa uamuzi ulifika. Kosa lipo, jaji aliandika, lakini halitoshi kufuta leseni. Odessa atapokea watoto wachache kuliko zamani kwa nusu mwaka, na wakaguzi watakuja bila taarifa.

Alfajiri ya kwanza baada ya kufungua tena, Tavion ndiye aliyetangulia kufika. Odessa alifunga lango, akalivuta komeo, akarudi akalivuta tena. Watoto walipokwisha kula, Verlene akaingia.

"Wamenipunguzia watoto," Odessa alilalamika. "Lakini leseni ninayo."

"Hebu niambie tena lile la simu," alisema Verlene. "Jaji alimtaja mkuu wa ukaguzi mbele yako?"

"Mbele yangu na mbele ya wote."

Verlene aliweka kikombe chini. Machozi yakamtoka, naye hakuyafuta.

"Mimi lile kosa walilonishtaki sikulifanya, Dessa. Nilitaka tu mtu aniulize."

Vyombo vilikuwa vimejaa kwenye sinki. Odessa aliviacha. Akavuta kiti, akakaa.

"Basi nakuuliza mimi," alisema. "Ilikuwaje?"