Ganda la Mawio, Ganda la Machweo

Asubuhi hiyo Milembe alikuwa akiosha kidonda cha ndama kwa maji ya magome ya mkwaju. Pale Mkula wafugaji wote wanaijua dawa yake. Ndiyo kazi inayomlisha.

Salvatory, jirani yake, akapiga hodi. Ni mjumbe wa kamati ya msitu ya kijiji.

"Mwangaluka, mayu," akamwamkia mama huyo kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, baba. Mbona umenuna?"

"Mkwaju mwingine umekauka msituni. Kamati inataka kutuzuia kabisa kuchukua dawa."

Kata ya maji ikamponyoka Milembe. "Nife njaa? Mti umeuawa na jua huo! Mimi nabandua ganda tu. Kipande upande wa mawio, kipande upande wa machweo, basi. Ndivyo mama alivyonifundisha."

"Twende tukautazame."

Wakaenda na Felisita, mkwe wa Milembe. Mkwaju haukuwa na jani hata moja.

"Zunguka shina, mayu," Salvatory akasema. "Mkono wako ukigusa ganda, niambie."

Milembe akazunguka, mkono wake ukipapasa shina. Akarudi alipoanzia. Mkono haukugusa ganda hata mara moja.

"Ulibandua wewe. Akaja mganga mwenzako Ngeleja, akaongeza pembeni. Wakaja wengine. Bandu bandu huisha gogo. Chakula cha mti hutengenezwa kwenye majani, kisha hushuka mizizini kupitia ganda. Ukilitoa kuzunguka shina lote, mizizi inakufa njaa."

"Njaa," Milembe akarudia. Akaona uchungu, akajifuta macho kwa khanga. Halafu akakunja uso. Mbishi huyu mama, jamani! "Lakini dawa bila mawio na machweo haina nguvu. Hilo sikubali, hata kamati nzima ije!"

Felisita akacheka. "Mama, kwani matawi hayana upande wa mawio?"

Milembe akatazama juu. "Hee! Na wewe ulikuwa wapi siku zote?"

"Amesema kweli," Salvatory akasema. "Kata tawi dogo la mawio na tawi dogo la machweo. Bandua hayo, shina liache. Na usirudie mti uleule kila mara, upumzike."

Kwenye mkutano wa kamati Milembe alisimama akaeleza mwenyewe. Akamgeukia Ngeleja: "Na wewe sema, watu wasikie!" Ngeleja akaahidi kutogusa shina tena. Kamati ikawaruhusu kuchukua matawi madogo tu.

Milembe akapanda mbegu za mkwaju kwenye ngitili yake, eneo la malisho analolifunga ili nyasi na miti ikue.

Sasa mikwaju iliyobaki msituni ina majani mengi. Ile ya kwenye ngitili imefika kiunoni. Juzi alikuja Mwandu, mfugaji wa Kiloleli, mtu wa haraka zake. Alipoiona akachomoa kisu.

"Mama, dawa si hii hapa? Ya nini kwenda msituni?"

Milembe akamshika mkono.

"Rudisha kisu, baba. Huu bado mtoto. Uache ushibe kwanza."