Mgeni wa Kutoka Bama

Kanga za Mwanatumu zilikataa kukauka. Alizifua asubuhi na mapema, akazianika uani kwenye jua kali la kaskazi, na hata adhuhuri zilikuwa zingali zikitona maji, zikinuka majani yaliyooza. Mumewe, Matano, mchoma chokaa wa Msambweni, alizinusa, akazirudisha kambani. Harufu ile aliijua, na haikuwa ya msitu wowote wa pwani.

Wakati wa vita vya Wazungu alikuwa askari wa Keya, jeshi la Mwingereza, akapelekwa Bama, mbali huko Asia, kupigana na Wajapani chini ya mvua isiyokatika. Wenzake wa Msambweni hakurudi hata mmoja. Aliporejea, watu walitaka kusikia aliua wangapi, basi akaacha kusimulia.

Juma lile Mzee Rai, mkuu wa mtaa, alikuja kumwona.

"Uhuru umefika, Matano. Bendera ikipandishwa Kwale, twataka utangulie mbele na nishani zako."

"Nitakuja, mzee wangu. Heshima yenu naipokea kwa ajili ya wale waliobaki kule. Ila vita vyenyewe msivisifu. Wakubwa wa Ulaya waligombana wao kwa wao, chifu akaambiwa atoe vijana, akatutoa. Nani alituuliza?"

Mzee Rai alikohoa. "Hayo usiyaseme uwanjani," akanong'ona, akaaga.

Kesho yake, jua la utosi, Matano alirudi kutoka kwenye tanuri akamkuta mkewe ameketi sakafuni, mgongo ukutani, miguu ameinyoosha, tumbo amelikumbatia kwa mikono kama mwenye jeraha. Alimwita, hakuitika. Akainama amtazame, na yale macho yaliyomtazama hayakuwa ya Mwanatumu, na sauti iliyotoka kinywani mwake, nzito, ya kiume, iliyokauka kwa kiu, ilisema neno moja tu ambalo mwanamke yule, asiyepata kuvuka Kombani tangu azaliwe, hakuwa na mahali pa kulipata.

"Mizu."

Matano alilisikia mara moja tu maishani, chini ya mianzi ya Bama. Askari wa Kijapani, mdogo kuliko yeye, aliachwa na wenzake akiwa na risasi tumboni. Matano alimnywesha maji ya chupa yake. Yule alinywa, akamshika mkono wa shati, hakuuachia hata roho ilipotoka. Matano alimfukia peke yake, akaenda zake. Hakuna mwingine aliyejua mahali pale.

Mwanatumu hakula tena. Alikonda, mashavu yakabonyea, na kila adhuhuri neno lilikuwa lile lile, lakini maji aliyopewa hayakumshuka kooni. Matano akamleta mganga kutoka Bodo, Bi Khamisa, mwanamke mtulivu. Alifukiza ubani, akamfunika mgonjwa shuka jeupe.

"Mgeni, u nani? Wataka nini?"

"Mizu."

"Mizizi? Mizizi gani?"

"Si mizizi, bibi," Matano akanong'ona. "Ni maji. Ndiyo lugha yao."

Bi Khamisa alimgeukia taratibu. "Kumbe wamjua."

Matano akamweleza yote. Mganga alisikiliza hadi mwisho.

"Amekufuata wewe, mwanangu. Kwa mkeo alipita tu kama mlangoni. Hana kaburi linalojulikana na mtu ila wewe. Mkane. Mwambie humjui, atatoka. Usipofanya hivyo, mkeo utamzika."

Matano akapiga magoti. Mkono ukatoka chini ya shuka ukamshika shati, na papo hapo harufu ya uozo ikajaa chumbani ikauzima ubani, kuta zikaanza kutoka jasho, na juu ya makuti ikasikika mvua ikinyesha kwa nguvu, mvua ya siku nyingi, ilhali mlangoni jua lilikuwa likiwaka na kuku wakipekua vumbi kavu, na Matano akafungua kinywa aseme "sikujui" akamkumbuka Mbwana, rafiki yake aliyefia kule, ambaye mama yake alikwenda mara kwa mara katika ofisi za serikali kuuliza mwanawe alizikwa wapi, akajibiwa kwamba hawamjui, mpaka akafa akiuliza.

"Siwezi, bibi. Hakuna njia nyingine?"

"Ipo. Umpe kiti wewe, akae kwako. Lakini mke aliyepandwa naye hawezi kukaa naye tena nyumba moja. Utabaki peke yako."

Matano alikifunika kile kiganja kwa chake. "Mwache huyu," akasema kwa upole. "Njoo kwangu."

Mvua ikakatika. Mwanatumu akafumbua macho, akaomba uji.

Nduguze walikuja kumchukua. Alisimama kizingitini akilia.

"Mbona hukumkana tu, bwana?"

"Kwa sababu namjua, Mwanatumu."

Siku ya bendera Matano alikwenda Kwale. Alitangulia mbele, akapigiwa makofi, akashukuru kwa adabu, akarudi. Nyumbani alitandika mkeka, akaketi, akaanza kusimulia: mto waliouvuka, jinsi Mbwana alivyokuwa akiimba akiogopa, chifu aliyewapungia mkono. Alipotua kuvuta pumzi, sauti kavu ikaanza pembeni yake, kwanza kwa kusitasita, kisha kwa mfululizo, kama mtu anayetaja majina ya kwao.

Matano hakufahamu hata neno moja. Akasogea kidogo, akampisha nafasi mkekani.