Kikombe cha Bi Zogo

"Soma hapa tu," Bosi aliniambia, akinipa kadi. "Mistari mitatu. Unamsifu, unafuta machozi, unashuka."

"Machozi gani?"

"Ya kumbukumbu. Watu wanapenda."

Nilikuwa kwenye kiti cha chumba cha vipodozi, taulo shingoni, dada wa poda akihangaika na shavu langu la kushoto. Nikaisoma ile kadi. Eti mwandishi wetu ni baba wa vichekesho, na bila yeye mimi nisingekuwa mtu.

"Nisingekuwa mtu?" nikauliza. "Bosi, huyu si ndiye aliyenifukuza kazi?"

"Yaliyopita si ndwele, mama. Tunaingia hewani baada ya taarifa ya habari."

Akatoka akipiga mluzi. Dada wa poda akaniambia nitulize uso, unakunjamana. Nitautulizaje?

Ngoja niwaambie hasira hii nimeitoa wapi. Bi Zogo ni mimi. Yule mke wa kwenye runinga mwenye mdomo, aliyekuwa akimfokea mumewe Bwana Taratibu kila Ijumaa jioni na watu wakishika mbavu, ndiye mimi. Maneno yote yale aliyaandika mwandishi, mwanamume mpole ambaye ukimkanyaga mguu yeye ndiye anayeomba radhi. Kazini alikuwa mwandishi wangu. Nje ya kazi alikuwa mchumba wangu, na siku ya posa ilishapangwa. Mimi ni mchelewaji wa kuzaliwa, basi kila siku ya mazoezi nilikuta chai yangu mezani, imefunikwa na kisahani isipoe. Hakuwa mtu wa kusema nakupenda. Alifunika chai, akakaa kimya.

Kisha Bosi, mtayarishaji wa kipindi, akaanza kunizoea. Nikamwambia mikono yake ikae mifukoni mwake. Haikupita wiki akaniita ofisini.

"Mwandishi amekutoa kwenye kipindi," akaniambia. "Anasema umechuja. Na huo uchumba wenu anaona aibu kukwambia, lakini hautaki tena."

Nilikaa na simu mkononi nikisubiri apige, aseme ni uongo. Hakupiga. Nikabadilisha namba, nikauza runinga, nikageuka fundi wa mapazia. Nyumbani nikapiga marufuku jina lake lisitajwe. Miaka imepita, mvi zimeniota, leo wanaandaa kipindi cha kukumbuka kazi zake zote, za runinga na za filamu, wananiita nimsifu. Nikakubali haraka. Nilikuja kumuumbua mbele ya kamera, nimuulize nilimkosea nini.

Simu ikatetemeka. Ujumbe wa mdogo wangu wa kike, yuko nyumbani kwake anasubiri kutazama.

"Dada, nakuomba usimtukane kabla hujaona vipande vya mwisho."

Nikamjibu: "Vipande gani? Wewe uko upande wa nani?"

"Wako. Ndiyo maana nakuomba."

Nikaizima.

Jukwaani walikuwa wamejenga upya sebule ya Bwana Taratibu. Kochi lile lile lililobonyea, pazia lile lile baya, meza na vikombe vyake. Mwandishi alikuwa ameshakaa, koti limempwaya mabegani. Aliponiona akasimama.

"Umekuja," akasema.

"Nimeitwa. Sikuja kwa ajili yako."

Akakaa taratibu, nami nikakaa kiti cha pili. Taa zikazimwa, vipande vikaanza kwenye skrini kubwa.

Vya mwanzo nilivijua. Bi Zogo anamfukuza mdai kwa ufagio. Bi Zogo anamfundisha mumewe kugomba, naye anaomba ruhusa kwanza. Ukumbi unavunjika kwa kicheko. Halafu vikaja ambavyo sikuwahi kuviona.

Bwana Taratibu yuko peke yake sebuleni. Anamimina chai kwenye vikombe viwili. Cha pili anakifunika na kisahani.

"Bi Zogo si kasafiri?" jirani anauliza.

"Atarudi."

"Sasa hiyo chai ya nini?"

"Yake. Akirudi aikute imepoa, mimi utanizika wewe?"

Watu wakacheka. Kipande kingine, mgeni ananyoosha mkono achukue kile kikombe, anapigwa mwiko. Kingine, mwenye nyumba kaja na polisi, polisi anaambiwa akae popote ila kiti kilicho mbele ya kikombe, kina mwenyewe. Ijumaa baada ya Ijumaa, kisahani juu ya kikombe. Kisha ikaja filamu. Nyumba inabomolewa, majirani wanaokoa magodoro na masufuria, Bwana Taratibu anatoka na kikombe tu mkononi, kimefunikwa, anatembea kwa hatua za mtoto kisimwagike.

Ukumbi mzima ulikuwa unacheka. Mimi nilikuwa nakitazama kile kisahani.

Mtangazaji akamgeukia. "Mwandishi, kwa nini hukumletea Bwana Taratibu mke mwingine?"

"Bosi aliniagiza niandike kwamba Bi Zogo amekufa," akajibu kwa ile sauti yake ya chini. "Nikakataa. Akasema basi nitakosa kazi. Nikamwambia sawa, lakini simuui. Watazamaji walipoanza kukipenda kile kikombe, akaacha kunisumbua."

"Na mwenyewe aliondoka kwa nini?"

"Alipata kazi nzuri kwingine. Na mchumba mwingine. Bosi ndiye aliyeniambia."

Sikumbuki nilivyosimama. Nakumbuka kipaza sauti cha mtangazaji kilikuwa tayari mkononi mwangu.

"Nani alipata mchumba?"

Bosi alikuwa mstari wa mbele, anarekebisha tai ambayo haikuwa na kosa.

"Bosi, mimi uliniambia huyu kanikataa. Yeye ukamwambia mimi nimemkataa. Kisa nilikwambia mikono yako ikae mifukoni."

"Mama, haya ni mambo ya ofisini," akasema akilazimisha tabasamu. "Tutaongea pembeni."

"Pembeni ndiko ulikotumalizia. Leo tunaongelea hapa hapa."

Akamwashiria fundi mitambo aweke matangazo. Fundi mitambo akatazama dari kana kwamba anahesabu taa. Watu wakaanza kuguna, mtu nyuma akasema, "Mwacheni mama aseme." Bosi akainuka, akatoka kwa mlango wa dharura, na safari hii hakupiga mluzi.

Nikamgeukia mwandishi.

"Na wewe usidhani umepona. Kwa nini hukuja kuniuliza?"

"Namba yako haikupatikana."

"Nyumba yangu je, nayo haikupatikana?"

"Nilikuwa nakwambia. Kila Ijumaa nilikuwa nakwambia."

"Kwa kumtuma Bwana Taratibu?"

"Nilijua unatazama. Kila mtu alikuwa anatazama."

"Niliuza runinga."

Alinikodolea macho, na nikaona jambo hilo halikuwahi kumpitia kichwani hata siku moja. Mtu ana akili ya kuchekesha umati, hana akili ya kugonga mlango.

"Ulimwambia jirani," nikasema. "Ulimwambia mwenye nyumba. Ukamwambia na polisi. Kila mtu alijua unanisubiri, isipokuwa mimi niliyekuwa nalia na mapazia ya watu."

Ukumbi ukacheka. Nikawageukia.

"Sijasema kichekesho."

Nikamrudia mwandishi.

"Haya, sema sasa," nikamwambia. "Bila skripti."

"Mimi... ile chai..."

"Achana na chai."

"Niliogopa," akasema. "Niliogopa ukinikataa kwa mdomo wako sitaamka tena. Nikaona bora nisubiri. Nilikosea sana. Nakupenda, na sikuwahi... yaani, bado."

Kwa miaka yote niliyosoma maandishi yake, sijaona sentensi mbovu kama ile. Machozi aliyoyataka Bosi yakanitoka bila kadi.

Nikaenda mezani. Kikombe kilikuwepo, kimefunikwa. Nikaondoa kisahani.

"Hamna kitu humu."

"Ni cha maigizo," akasema kwa aibu. "Huwa hatuweki chai, inamwagika kwenye nguo."

"Kwa hiyo muda wote huo uliniwekea kikombe kitupu?"

Akainamisha kichwa. "Ndiyo."

"Basi twende ukaniwekee ya kweli."

Tukateremka, tukamwacha mtangazaji na viti viwili vitupu. Kantini ya wafanyakazi ilikuwa inafungwa, mpishi akatufungulia alipotuona. Nikawasha simu, nikamwandikia mdogo wangu:

"Ulijua haya yote ukanyamaza?"

"Nilijaribu kukwambia. Ulinirushia kandambili."

Ilikuwa kweli, nikairudisha simu mkobani. Mwandishi akaja na kikombe, kisahani kinagongagonga juu. Akakiweka mbele yangu.

"Bado nina hasira na wewe," nikamwambia.

"Najua."

"Haitaisha leo wala kesho."

"Kaa nayo hapa hapa," akasema. "Usiende nayo mbali."

Nikafunua. Ilikuwa ya moto, na alikuwa amesahau sukari. Nikamgombeza mpaka mpishi akachungulia, kisha nikainywa yote.