Niliita Watu Waje Kuona Mke wa Vita Akifukuzwa

Nilimtemea mate mtoto wa miaka miwili mbele ya ua mzima wa watu… na watu wakacheka!

Jamani, msinihukumu kabla hamjamaliza kusoma. Nihukumuni mwishoni.

Ni mwaka 1982, Ibadakuli, Shinyanga. Mimi ni Paskalia, mama Stanslaus. Kwangu hapakauki watu. Kahawa, karanga na umbea wa mtaa mzima, vyote kwangu!

Mume wangu Pantaleo alikuwa mwanajeshi. Vita vya Amin vilimpeleka Uganda, vikaisha, kikosi chake kikabaki Mbarara. Siku ya kurudi, lori likapinduka. Nikaletewa sanduku.

Miezi michache baadaye, mlangoni akasimama dada mmoja mrefu, mtoto mgongoni.

"Mimi naitwa Kemigisha. Mke wa Pantaleo. Huyu mtoto wake, Kabula."

Kabula! Jina la mama mkwe wangu! Nyie… nilichemka!

Kumbe alishapita uhamiaji. Afisa mmoja, bwana Donatus, alimweleza: mtoto kazaliwa nje, ila baba ni Mtanzania. Kama walioana, mtoto ni Mtanzania. Kama hawakuoana, ni mgeni, na wote wawili wanarudishwa mpakani. Wa kusema ni wazee wa mume.

Ningeweza kuyamaliza kimya kimya na baba mkwe, mzee Nkwabi, tuliyekaa naye ua mmoja. Thubutu! Nikapita nyumba kwa nyumba.

"Jumamosi njooni kwa mzee Nkwabi, mke wa vita anafukuzwa!"

Nikapika wali, nikachinja kuku. Ua ukafurika.

Donatus akafungua faili. "Mzee Nkwabi, mwanao alimuoa huyu mama?"

Nikadakia. "Baba, shikamoo. Naomba nimuulize mimi."

"Marahaba. Muulize, mkwe."

Nikamgeukia Kemigisha, mikono kiunoni.

"Kwetu Wasukuma ndoa ni ng'ombe! Ng'ombe hazijatoka, mtoto si wa baba, ni wa kwao mama. Haya, kwenu zilitoka ngapi? Au alikuoa kwa biskuti za jeshi?"

Ua mzima kicheko!

Hapo ndipo nilipomtemea Kabula mate. Shavuni. Mama yake akamfuta kwa khanga. Akachomoa picha.

Pantaleo huyo, kavaa kombati, kashika kamba ya ng'ombe mwenye mapembe marefu. Nyuma yake ng'ombe wengine, na wazee wa kwao Kemigisha.

"Za kuazima hizo!" nikasema.

"Nyuma aliandika," akajibu taratibu. "Alisema nimpe baba yake. Mimi sijui kusoma."

"Bwana Donatus, soma! Kwa sauti, wote wasikie!"

Kiherehere changu mimi…

Donatus akapitisha macho kwanza. Akanitazama.

"Mama Stanslaus, nisome kweli?"

"Soma!!"

Akasoma.

"Baba, shikamoo. Nimeoa huku Mbarara. Ng'ombe saba nimetoa mwenyewe, mtoto akizaliwa ni wetu. Za kina Paskalia tuliahidi tu, bado. Akileta kelele, mrudishe kwao na watoto wake."



Ilikuwa kweli. Baba yangu kila msimu aliambiwa asubiri pamba iuzwe. Vita vikaja. Miaka minane naitwa mke, nikajisahaulisha.

Mzee Nkwabi akanyoosha mikono, akampakata Kabula.

"Wabeja, mkwe," akamwambia Kemigisha. Wabeja! Asante ambayo mimi sikuwahi kuisikia! Kisha kwa Donatus: "Andika. Alimuoa."

Muhuri ukagongwa mbele yangu, pwaa!

"Na wewe, Paskalia, sheria umeitamka mwenyewe, mbele ya watu uliowaita mwenyewe. Stanslaus na mdogo wake ni wa kwenu."

Nikapiga magoti. "Baba! Wanangu wamezaliwa hapa hapa Ibadakuli!"

"Kwani wewe uliuliza nani kazaliwa wapi? Uliuliza ng'ombe."

Wageni wangu hawakuondoka, nyie. Walimaliza kwanza wali wangu. Nilipotoka na kifurushi kichwani, wanangu wananing'ang'ania sketi, shoga yangu Apolonia akapaza sauti huku anang'ata paja la kuku:

"Mama Stanslaus! Mpakani ni njia ile!"

Wakacheka kicheko kile kile.

Nilirudi kwetu Buseresere. Kabula alizaliwa ng'ambo, akabaki na jina la ukoo wa Nkwabi. Stanslaus wangu, aliyezaliwa chumba cha pili kutoka pale alipoketi mzee, anaandika jina la baba yangu mpaka leo.

Wewe unayeita watu waje kuona mtoto wa mwenzio akikosa kwao, hakikisha kwanza wa kwako wanako.

Haya, sasa nihukumuni.