Maksai Aliyelamba Chumba cha Mama

Mume wangu ni fundi baiskeli. Mtaa mzima unamwita Bwana Rahisi, na hata mimi namwita hivyohivyo. Jina hilo alijitafutia mwenyewe. Kila siku ya Mungu lazima aseme: "Kuna njia rahisi."

Bomba likivuja, kuna njia rahisi: analifunga kwa mpira wa baiskeli. Mlango ukilia, kuna njia rahisi: anaupaka grisi ya mnyororo. Kiti changu cha cherehani kilipovunjika mguu, alikifunga mpira, kisha akakipaka na grisi. Nilianguka nacho mbele ya mteja. Mteja alicheka mpaka akasahau kulalamikia gauni lake.

Lakini habari ya chumba cha mama haikuanza kwa kicheko.

Mama yangu alikuwa anaishi peke yake, mbali na sisi. Macho yake yamepungua nguvu. Siku moja alianguka jikoni, akakaa sakafuni mpaka jirani alipokuja kuomba kiberiti. Niliposikia hayo, moyo uliniuma. Nilimwendea nikamwomba ahamie kwetu.

"Nitalala wapi?" aliniuliza. "Chumba kimoja na cherehani yako?"

"Tutakujengea chumba, mama."

"Chenye mlango wangu na ukuta wangu?"

"Ndiyo, mama."

"Haya. Lakini nikiona nimewekwa stoo, narudi kwangu siku hiyohiyo. Mimi si gunia."

Mama hana masihara. Akisema anarudi, anarudi. Na mimi nilijua kwamba akirudi, safari nyingine huenda jirani asihitaji kiberiti.

Basi Bwana Rahisi akaanza kutafuta udongo wa matofali. Mtaa wetu uko kwenye uwanda mpana. Upande mmoja kuna kilima. Upande wa pili, mbali, ng'ambo ya barabara kuu, kuna ziwa la chumvi. Watu wa hapa huchimba udongo juu kilimani. Njia yake ni mlima mtupu, na udongo mzigo wake si mchezo.

Mume wangu alikitazama kilima. Kisha akautazama uwanja ulio wazi nyuma ya nyumba yetu. Udongo wa pale ni wa kijivu, laini kama unga.

"Mke wangu," akasema, "kuna njia rahisi."

Alipokuwa akichimba, jirani yetu alikuja kusimama pembeni. Huyu tunamwita Mzee Mkokoteni. Ana mkokoteni na maksai mmoja wa kuuvuta. Maksai huyo anaitwa Mheshimiwa, maana ana tumbo kubwa na haharakishwi na mtu.

"Fundi," Mzee Mkokoteni akasema, "hapo hata nyasi hazioti. Nyumba ndiyo itaota?"

"Ndio uzuri wake, mzee! Hakuna mizizi, hakuna mawe. Mungu ametusagia mwenyewe."

Mzee akatikisa kichwa, akaenda zake.

Chumba kikajengwa. Msingi wa mawe? Thubutu! Matofali yalipangwa moja kwa moja juu ya ardhi. Ukuta ukapigwa lipu ya udongo uleule, ukapakwa rangi ya bluu. Kwa macho kilikuwa chumba kizuri, nami nikakishonea pazia lenye maua.

Mama akaja na sanduku lake la bati. Aliupapasa ukuta kwa viganja, polepole, akatabasamu.

"Mkwe wangu, umenipa heshima," akasema.

Bwana Rahisi alitembea kifua mbele mtaani, utadhani kajenga ikulu.

Haikuchukua muda, ukuta ukaota mvi. Ni kweli, mvi! Vinyuzi vyeupe, vyepesi, kuanzia chini mpaka kiunoni. Mume wangu akavipangusa kwa brashi ya kusafishia minyororo.

"Rangi inakomaa," akasema.

Kesho yake mvi zimerudi. Rangi ikaanza kubanduka vipande vipande. Mama akawa anaamka na unga kichwani.

"Mkwe," akasema asubuhi moja, "ukuta wako una mba. Uuoshe."

Naye, Mungu amsamehe, akauosha! Alichukua ndoo, sabuni na dodoki, akausugua ukuta wa udongo kama mtoto anayepelekwa shule. Baada ya hapo mvi ziliota maradufu.

Kisha zikaanza sauti. Mama alikuwa amejilaza mchana, akaniita.

"Mwanangu, nani anapiga msasa huko nje?"

"Hakuna mtu, mama."

"Mimi nimepungukiwa macho, si masikio. Kuna mtu anapiga msasa."

Nilidhani ni uzee. Lahaula! Siku ya pili yake, saa ileile ya kujilaza, nilikuwa nashona kola ya shati, nikasikia ukelele ulionichomesha sindano kidoleni.

"Mkwe! Mkwe wee! Ukuta umetoa ulimi!"

Tulikimbia, mimi na mume wangu, tukagongana mlangoni. Mama alikuwa amesimama juu ya kitanda, ameshika mto kama ngao. Ukutani, juu kidogo ya mahali alipokuwa amelaza kichwa, palikuwa na tundu. Kwenye tundu kulikuwa na ulimi. Ulimi mrefu, wa kijivu, umelowa, unazunguka kutafuta rangi iliyobaki.

Tukatoka nje. Alikuwa Mheshimiwa. Amesimama ametulia, macho kayafumba nusu, anaulamba ukuta kama mtoto na aiskrimu. Mbuzi wa mtaani walikuwa nyuma yake wanasubiri zamu.

"Mzee Mkokoteni!" mume wangu akapaza sauti. "Ng'ombe wako amekula chumba cha mama mkwe wangu!"

Mzee akaja akijifunga mkanda wa suruali.

"Ng'ombe wangu anakula majani," akasema. "Kama chumba chako kinalika, kamlaumu aliyekipika."

Wakashikana maneno. Mimi sikuwasikiliza. Nilisikia kitu kingine, kufuli la sanduku la bati. Mama alikuwa anafungasha.

"Mama, tafadhali."

"Nilisema mimi si gunia. Sasa naona mmenifanya lishe." Alikuwa akikunja kanga zake kwa hasira, akizisukumia sandukuni. Nilitamani kulia.

Wakati huohuo akatokea dada mmoja anakokota baiskeli yenye pancha. Tunamwita Mpima Ziwa. Kazi yake ni kwenda ziwani kusoma kina cha maji kwenye nguzo zenye alama. Alikuja kuzibiwa tairi. Alipoona ng'ombe na mbuzi wamejipanga ukutani, alicheka mpaka baiskeli ikamponyoka.

"Dada, usicheke," mume wangu akasema. "Familia inavunjika hapa."

"Samahani, fundi." Akasogea, akakwangua ule unga mweupe kwa ukucha, akauonja. Akatema mate. "Chumvi. Na magadi. Huu udongo mmeutoa wapi?"

"Hapo nyuma."

"Ndiyo maana. Umejenga kwa udongo wa ziwa."

"Ziwa liko kule!" Mume wangu akanyoosha mkono kuelekea barabara kuu. "Hiyo chumvi imekuja kwa posta?"

"Ziwa liko kule leo. Zamani sana, maelfu ya miaka iliyopita, lilikuwa mpaka hapa. Shikamoo, bibi. Hapo kitandani kwako palikuwa na samaki wanapita."

Mama alikuwa ametoka na sanduku. Akaliweka chini, akalikalia.

"Marahaba. Yaani mkwe wangu kanilaza ziwani?"

"Katikati, bibi."

"Ongea, mwanangu. Nina muda mpaka gari lipite."

Mpima Ziwa akatuonyesha kilima. Kwenye ubavu wake kuna mistari iliyolala, mmoja juu ya mwingine. Tumeiona maisha yetu yote na hatujawahi kuuliza.

"Beseni la kufulia likipungua maji, linabaki na nini?"

"Mstari wa povu," nikajibu.

"Basi ile ni mistari ya beseni. Kila mmoja ulikuwa ufuko. Zamani mvua zilikuwa kubwa, ziwa likajaa bonde lote. Maji yalikuwa mengi na chumvi haikuwa kali. Samaki na konokono waliishi humo. Baadaye mvua zikapungua, na ziwa likasinyaa mpaka pale lilipo."

"Chumvi ilitoka wapi?" akauliza Mzee Mkokoteni. Alikuwa amesahau ugomvi.

"Mito inaibeba kutoka kwenye miamba, kidogo kidogo. Ukinywa maji ya mto huwezi kuisikia. Lakini ziwa letu halina mto unaotoka. Sasa maji yanaondokaje?"

"Hayaondoki," mume wangu akasema.

"Yanaondoka, fundi. Jua linayapandisha juu. Ila jua halibebi chumvi."

"Kama mchuzi uliosahauliwa jikoni," mama akasema. "Maji yanakwenda, chumvi inabaki, na mume hali."

"Ndivyo hivyo hasa, bibi! Sasa ziwa liliporudi nyuma, liliacha chumvi yake kwenye udongo wa uwanda huu. Ndiyo maana hata nyasi zimekataa."

Mzee Mkokoteni akakohoa kwa makusudi. Mume wangu akatazama pembeni.

"Lakini dada," akasema, "mbona heroe, wale ndege wa rangi ya waridi, wanaishi na chumvi hiyohiyo?"

"Wale wanakula mwani mdogo sana unaopenda maji ya magadi. Hata rangi yao ya waridi inatokana na chakula hicho."

"Kwa hiyo Mheshimiwa naye atakuwa wa waridi?" mama akauliza.

"Hapana, bibi. Atapata kiu tu. Na akizidisha ataumwa."

Akatueleza ugonjwa wa ukuta. Unyevu unapanda kutoka ardhini kama mafuta ya taa yanavyopanda kwenye utambi. Ukifika juu ya ukuta, unakauka. Chumvi inabaki, inajikusanya kuwa chembe, chembe zinakua na kuusukuma udongo mpaka unamomonyoka.

"Na kuuosha?" nikauliza, nikimtazama mume wangu.

"Kuuosha ni kuunywesha."

Bwana Rahisi akainua kidole. "Basi kuna njia rahisi. Tupige saruji juu yake."

"Chumvi itaisukuma na saruji. Itachelewa tu kidogo."

Kidole kikashuka.

Hapo mama akasimama. "Sikiliza, mkwe. Sanduku langu litakaa hapa mlangoni, limefungwa. Nitalala na cherehani. Ukijenga sawasawa, nitalifungua. Ukinipa njia rahisi tena, naondoka, na binti yangu asinililie."

Sanduku likabaki mlangoni. Kila nikitoka, najigonga nalo goti. Kila nikijigonga, nakumbuka ile sakafu ya jikoni.

Mpima Ziwa alitufundisha kuupima udongo. Unauweka kwenye chupa, unatia maji ya mvua, unakoroga, unaacha utulie. Yale maji safi ya juu unayamimina kwenye sahani ya rangi nyeusi, unaiweka juani mpaka ikauke. Tulipoupima udongo wa nyuma ya nyumba, sahani ilibaki nyeupe kama imepakwa chokaa.

Mume wangu akaenda kilimani. Akarudi upesi mno.

"Umechimba wapi?" nikamuuliza.

"Kilimani."

"Kilimani wapi?"

"Chini kidogo ya ile mistari. Kwenye kivuli."

Sahani ikakauka nyeupe tena. Mama aliinuka. Alilisogeza sanduku hatua moja kuelekea barabarani.

Siku iliyofuata Bwana Rahisi alipanda kweli. Alivuka mstari wa kwanza, akavuka mwingine, akavuka mpaka ule wa juu kabisa. Alirudi kachoka, kavimba miguu, kabeba mfuko wa udongo mwekundu. Sahani ikakauka safi. Mfukoni alikuwa na kitu kingine, gamba la konokono, jeupe, la kale, aliloliokota kwenye mstari mmojawapo. Akampa mama.

"Jirani yako wa zamani, mama. Anakusalimu."

Mama alilipapasa kwa kidole muda mrefu. "Masikini," akasema, "na yeye maji yalimwacha." Akalifunga kwenye pindo la kanga.

Udongo ulihitaji mkokoteni. Mzee akajitolea mwenyewe.

"Aliyekula ndiye atakayelipa," akasema, akamfunga Mheshimiwa.

Basi Mheshimiwa akavuta udongo, safari baada ya safari, kwa mwendo wake wa kiheshimiwa. Chumba cha zamani tukakibomoa, na matofali yake tukayapeleka mbali uwandani, tukalirudishia ziwa mali yake. Safari hii tulianza na msingi wa mawe. Juu ya mawe tukatandaza nailoni nene, ili unyevu usipate njia ya kupanda. Ndipo matofali mekundu yakafuata.

Mama alikagua kila mstari wa matofali kwa mkono. Mume wangu alipofungua mdomo, "Kuna njia...", mama aliacha kupapasa.

"...ndefu," mume wangu akamalizia.

Mvua zikaja, zikapita. Jua likawaka. Tulisubiri mvi. Hazikuota. Hata hivyo sanduku lilibaki mlangoni, limefungwa. Nikamuuliza mama anangoja nini.

"Nangoja mkaguzi," akasema. "Mleteni."

Mtaa mzima ukaja kutazama. Mzee Mkokoteni akamleta Mheshimiwa mbele ya ukuta. Mheshimiwa akaunusa. Akanusa tena, chini, kisha juu. Akatoa ulimi. Mume wangu akafumba macho. Nami nikafumba.

Maksai akaulamba ukuta mara moja tu. Akapiga chafya. Kisha akageuka taratibu, akauonyesha ukuta makalio, akaenda kutafuta majani.

Watu wakapiga vigelegele kana kwamba tumeoza binti. Bwana Rahisi alikuwa akifuta machozi kwa kitambaa chenye grisi, uso wote umekuwa mweusi.

Mama yeye alikwenda mlangoni. Alivuta sanduku lake mwenyewe, akakataa kusaidiwa, akaingia nalo chumbani. Nilisimama nje ya pazia lenye maua. Nikasikia kufuli la bati likifunguka, kisha kanga zikitolewa moja moja.

"Mwanangu," akaita, "nipigilieni misumari ukutani, nitundike kanga zangu. Mizuri. Mimi ni mtu wa kukaa hapa."